Snappy Driver Installer Origin: flashi moja iliyofufua kompyuta zetu za nyumbani

Nimekaa na hii programu mwaka na zaidi sasa. Nimeitumia kwenye kompyuta yetu ya nyumbani hapa Tabata, kwa dada yangu Mbagala, kwa mama mwenye steshenari nyuma ya kwetu na kwenye laptop kadhaa za vijana wa chuo wanaokuja jioni na shida zao, kwa hiyo sisemi kwa kusikia, nasema kwa kushika. Jina lake kamili ni Snappy Driver Installer Origin, wengi wanaiita SDIO kwa kifupi. Kazi yake ni kutafuta na kuweka draiva kwenye Windows, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya kompyuta kama skrini, sauti na waifai. Ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi yeyote anaweza kuusoma, haina matangazo, haina toleo la kulipia linalokusubiri mbele ya safari, na kilichonifanya niipende kuliko zote ni kwamba inafanya kazi bila intaneti.

Kwetu sisi wa bando hilo la bila intaneti ndo kila kitu. Kompyuta ikishafomatiwa, draiva ya kwanza kukosekana mara nyingi ni ya waifai, na draiva yenyewe iko huko huko kwenye intaneti ambayo hauwezi kuifikia mpaka uwe na draiva. Watu wengi wanaishia hapo wanarudi kwa fundi.

Nianze na yaliyonikuta maana bila hayo hamtaelewa kwa nini naisifia hivi. Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, prosesa ya Intel i5 kizazi cha 3, niliinunua Kariakoo kwa ajili ya watoto wafanye kazi za shule na mimi nifanye hesabu za biashara. Mashine ngumu kwa kweli, haina tatizo. Baada ya muda Windows ikaanza kuzingua nikaipeleka kwa fundi mmoja akaifomati akaweka Windows 10, akanirudishia akasema "iko fiti kaka". Kufika nyumbani nikaiwasha, dah, maandishi makubwa kama bango la barabarani, skrini imekwama 1024 kwa 768, video inakatika katika kama inavuta pumzi, na kale kadude ka waifai ka USB nilikokanunua elfu kumi na mbili kamechomekwa taa haiwaki hata. Nikampigia, akasema "rudisha kaka, na uje na elfu kumi na tano ya draiva". Nikajiuliza hiyo ya kwanza nililipia nini sasa.

Mdogo wangu akasema bro usihangaike, kuna programu inatafuta draiva yenyewe. Akaidaunlodi kwenye simu, akaihamishia kwenye kompyuta, tukachomeka simu kwa waya ikatoa intaneti (hii ya simu nitairudia, ni muhimu). Sitaitaja jina hiyo programu. Ikaskani ikaja na herufi nyekundu, draiva 23 zimepitwa na wakati, kompyuta yako iko hatarini, lipia sasa. Tukalipia kwa kadi ya shemeji. Ikabadilisha zote 23 kwa mpigo. Baada ya kuwasha upya, sauti ya tundu la mbele la hedifoni ikafa, na siku ya tatu ikaanza kutoa ile skrini ya bluu katikati ya kazi. Watoto walikuwa wanasikiliza masomo kwa hedifoni ile, ikawa kelele nyumba nzima.

Hapo ndo nilipoanza kusoma mwenyewe, na kuna kitu nilikikuta ambacho natamani kila mwenye kompyuta akijue. Ukiangalia tarehe za draiva zinazokuja na Windows yenyewe, nyingi zimeandikwa 21 Juni 2006, hata kama Windows uliyoweka ni ya juzi. Microsoft wamefanya hivyo makusudi, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ikija ionekane mpya kuliko ile ya Windows na ichaguliwe yenyewe. Na draiva za chipset za Intel (chipu za ubao mkuu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ndo kali zaidi, zina tarehe ya 18 Julai 1968, siku ambayo kampuni ya Intel ilianzishwa, kwa sababu ile ile, zisije zikaikalia draiva iliyo mahususi zaidi. Sasa fikiria programu inayopima ubovu kwa tarehe peke yake inakuta draiva ya mwaka 1968, si itapiga kengele kama nyumba inaungua? Draiva nzee si ugonjwa. Kama kifaa kinafanya kazi, kiache.

Na ubaya wa draiva mbaya haufanani na ubaya wa programu ya kawaida. Programu ya kuandikia ikikwama unaifunga unaendelea na maisha, lakini draiva nyingi zinakaa ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, zikikosea mashine nzima inaanguka nazo. Wengi mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, viwanja vya ndege na mabenki duniani yalisimama, kompyuta kama milioni 8.5 zikaonyesha skrini ya bluu. Ilikuwa ni faili moja la apdeti lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, likasomwa na draiva yao iliyokaa humo ndani kwenye kiini. Kampuni kubwa hiyo yenye wataalamu, sasa sisi huku tunabadilisha draiva 23 kwa mpigo bila kujua hata moja ni ya nini.

Sauti niliirudisha kwa njia rahisi tu. Unakliki kulia kitufe cha Start, unafungua Device Manager (orodha ya vifaa vyote vya kompyuta), unaenda kwenye sehemu ya sauti, unakliki kulia kifaa chenyewe, Properties, kichupo cha Driver, halafu Roll Back Driver. Inarudi ile ya mwanzo. Kama hicho kitufe kimefifia hakibonyezeki maana yake Windows haina ya zamani iliyohifadhi, basi unachagua Uninstall device, unaweka tiki kwenye kale kaboksi kanakosema iondoe na draiva yenyewe, halafu juu unabonyeza Scan for hardware changes, Windows inakitafuta kifaa upya. Bila ile tiki unakuwa umeondoa kifaa tu kwenye orodha, draiva mbovu bado imekaa kwenye diski na itarudi hiyo hiyo. Nilizunguka hapo usiku mzima mpaka nilipoiona hiyo tiki.

Sasa tuje kwenye SDIO yenyewe.

Kwanza angalieni jina. Kuna programu mbili za majina yanayofanana, moja inaitwa Snappy Driver Installer na nyingine ina neno Origin mwishoni. Zilitoka tumbo moja zikagawanyika. Mimi naongelea yenye Origin, hiyo ndo niliyoitumia. Huinstoli kitu, unafungua faili la zip, unalitoa kwenye folda, unabonyeza lile lenye x64 kama Windows yako ni ya biti 64, basi. Inaweza kukaa kwenye flashi ukazunguka nayo mtaa mzima.

Ikifunguka mara ya kwanza inakuuliza unataka nini. Unaweza kuvuta draiva zote, au za mtandao tu, au uvute orodha tu bila draiva zenyewe. Zote ni zaidi ya GB 30, kwa hiyo usije ukabonyeza hapo ukiwa na bando la siku. Mimi nilienda kwa rafiki yangu mwenye faiba nikaiacha inavuta usiku kucha kwenye flashi ya GB 64, asubuhi nikamnunulia chai na chapati. Ukiwa hauna rafiki wa hivyo chukua za mtandao tu, za LAN na waifai. Hizo zikishakuwa kwenye flashi kompyuta yoyote utakayoikuta utaiingiza hewani, na ikishaingia hewani yaliyobaki yanajipanga. Kwa maoni yangu hicho ndo kitu bora kuliko vyote kwenye hii programu, na kama isingekuwa na kingine bado ningeipendekeza.

Kwenye OptiPlex yetu niliifungua, ikakaa dakika kadhaa inapanga orodha yake (mara ya kwanza huwa inachelewa, msiizime mkadhani imeganda), halafu ikaleta vifaa vyote vyenye draiva inayofaa. Hapa ndo pa kutulia. Upande kuna kitufe cha kuchagua zote. Msikibonyeze. Mimi nilifungua Device Manager pembeni nikalinganisha. Kwenye skrini palikuwa pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, maana yake Windows haijaijua kadi, inaonyesha picha kwa kubahatisha tu, ndo maana maandishi yalikuwa makubwa na video inakatika. Kale kadude ka waifai kalikuwa chini ya Other devices na alama ya njano, code 28, yaani draiva haipo. Kulikuwa na kingine kimeandikwa PCI Simple Communications Controller, jina la kutisha lakini ni sehemu ya Intel ya kusimamia mashine za maofisini kwa mbali, nyumbani hata ikikaa na njano yake hausikii tofauti.

Kwa hiyo nikachagua viwili tu, kadi ya skrini na waifai. Nikaweka tiki kwenye kutengeneza restore point, yaani alama ya kuirudishia Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika, nikabonyeza Install. Skrini ikazima sekunde kama mbili ikarudi, maandishi yamekuwa ya kawaida, 1920 kwa 1080. Watoto walipiga makofi. Waifai nayo taa ya bluu ikaanza kucheza. Kwa wanaopenda kujua, ile kadi ni Intel HD 2500 na kadude kalikuwa na chipu ya Realtek, na nilijua kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuitumia hata bila SDIO. Kwenye Device Manager kliki kulia kifaa chenye njano, Properties, kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama USB\VID_0BDA&PID_F179. Zile herufi nne baada ya VID au VEN ni mtengenezaji wa chipu, 0BDA ni Realtek ya USB, 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek za ndani, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Boksi la kadude halikuwa na jina la maana, lilikuwa na kisidi kadogo tu ambako sina hata pa kukachomeka maana kisomeo cha sidi kilishakufa zamani. Lakini chipu haidanganyi, F179 ni RTL8188FTV, ukishajua hivyo hata bila SDIO unajua unatafuta nini.

Kuhusu restore point, angalizo moja. Kwenye Windows 10 nyingi hii kitu huwa imezimwa, kwa hiyo unaweza kuweka tiki ukaamini una pa kurudia kumbe hakuna. Kabla ya yote andika Create a restore point kwenye sehemu ya kutafuta, chagua diski C, Configure, washa. Dakika moja tu.

Sasa mapungufu, maana yapo.

Sura yake ni ya zamani sana. Vitufe vidogo, rangi nyingi nyingi, na kuna kitu kinaitwa Expert mode ambacho kikiwashwa kinafungua mambo mengi kwa mpigo, mtu mgeni atachanganyikiwa. Shemeji yangu nilimwachia peke yake akaniita baada ya dakika tano. Halafu hata ukitaka draiva moja ndogo ya MB 5, haikuletei hiyo moja, inavuta furushi zima ambalo draiva hiyo imo, na furushi linaweza kuwa mamia ya MB, ya kadi za skrini yanavuka GB 1. Kwa mwenye bando hiyo ni maumivu. Inavuta kwa mtindo wa torenti, yaani watumiaji wanagawiana mafaili wao kwa wao, kwa hiyo mitandao ya vyuo na maofisi mingi inaifungia, na wakati inavuta inakuwa inapakia pia kwa wengine, inakula bando pande zote mbili. Kwenye mipangilio yake kuna pa kuweka kikomo cha kupakia, wekeni.

Na jambo kubwa zaidi, siyo ya kukimbilia kwanza. Najua inaonekana ajabu naisifia halafu nasema hivi, lakini ndo ukweli. Kwa laptop hasa, anza na tovuti ya mtengenezaji. Dell wana Service Tag ya herufi na tarakimu 7 chini ya mashine au nyuma, unaiingiza kwenye tovuti yao wanakuletea draiva za mashine yako hiyo hiyo. HP unatumia namba ya mashine iliyoandikwa chini, Lenovo vile vile. Draiva ya laptop kutoka kwa mwenyewe imepangwa na vitu vyake vidogo vidogo, vitufe vya mwanga, tachipadi, mfumo wa sauti, ambavyo draiva ya jumla inaweza isivijue. Kijana mmoja wa chuo tachipadi yake ilikuwa inasogeza mshale lakini vidole viwili havishushi ukurasa, tukachukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop ikarudi sawa siku hiyo hiyo, SDIO hatukuigusa.

Pia Windows Update yenyewe siku hizi inajua draiva nyingi. Shida ni kuingia hewani mara ya kwanza, na hapa ndo narudi kwenye simu. Kama una simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, nenda kwenye hotspoti na tethering, washa USB tethering. Windows ina draiva ya hiyo kitu tayari ndani yake, kompyuta itaona simu kama kebo ya mtandao, hata kama simu yenyewe imeunganishwa na waifai ya jirani na siyo data. Watu wengi hawajui hili wanahangaika kutafuta flashi. Ukishaingia nenda Windows Update, tafuta Optional updates (kwenye Windows 11 iko ndani ya Advanced options), pale kuna sehemu ya draiva. Na kama umeweka mtandao wako kuwa wa kupimiwa (metered) ili usile bando, jua kwamba Windows haitavuta draiva mpaka umeiruhusu, ruhusa iko kwenye mipangilio ya Bluetooth na vifaa, kuna tiki ya kuvuta draiva kwenye mtandao wa kupimiwa. Niliikosa hiyo wiki nzima nikawa najiuliza mbona haileti kitu.

Kuna siku pia draiva siyo tatizo kabisa, na SDIO wala programu yoyote haitasaidia. Kwa dada Mbagala laptop ilikuwa haina waifai, akaniambia "mdogo wangu njoo na ile flashi yako". Nikaenda. Kwenye Device Manager waifai haipo kabisa, siyo kwamba ina njano, haipo, hata chini ya Other devices hakuna, hata ukionyesha vifaa vilivyofichwa. Kifaa kisichoonekana kabisa huwezi kukiwekea draiva. Tuliangalia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kikawa kimewashwa, tukafungua chini, kumbe kadi ilikuwa imelegea baada ya laptop kuanguka kutoka kitandani. Tuliisukuma ikakaa, tukawasha, Windows ikaitambua yenyewe. Vile vile ukiona Unknown USB Device yenye code 43, kabla hujagusa draiva badilisha waya, badilisha tundu, jaribu kifaa kwenye kompyuta nyingine. Mara nyingi ni waya. Code 10, kifaa hakiwezi kuanza, hiyo ndo mara nyingi inakubali kuondoa draiva na kuiweka upya.

Printa naziweka peke yake kwa sababu SDIO kwenye printa mimi sikuitegemea. Mama wa steshenari ana HP LaserJet 1020, hizi mnazijua, ndogo nyeupe, zimejaa kwenye steshenari zetu, chuma kweli. Hii printa ina tabia yake, haina akili nyingi ndani, kila ikiwashwa draiva kwenye kompyuta ndo inaipelekea programu yake ya ndani, kwa hiyo draiva ikivurugika printa inakaa tu inakuangalia. Kompyuta yake ilikuwa na nakala tatu za printa ile ile, copy 1, copy 2, kazi zinajazana kwenye foleni hakuna inayotoka na wateja wamesimama na vyeti vyao. Kila mtu aliyekuja alikuwa anafuta printa na kuiongeza tena, lakini ukifuta hivyo draiva inabaki palepale kwenye mashine.

Nilichofanya, nilizima Print Spooler (huduma ya Windows inayoshika foleni ya kuchapa) kwenye Services, nikafungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS nikafuta kazi zote zilizokwama humo, nikaiwasha tena. Nikaondoa printa zote tatu. Halafu Windows na R kwa pamoja, nikaandika printui /s /t2, inafunguka dirisha la draiva zote za printa zilizomo, ukichagua kuondoa inakuuliza draiva tu au draiva na furushi lake, chagua na furushi lake. Nikachomoa waya wa USB. Nikawasha upya, nikaweka draiva ya HP yenyewe, na waya nikaurudisha pale tu iliposema chomeka. Mpangilio huo wa waya una maana sana, ukiuchomeka mapema Windows inawahi kuweka yake ya kubahatisha. Ikatoa ukurasa wa majaribio, mama akasema "Mungu akubariki mwanangu", na amekataa nilipie fotokopi mpaka leo.

Kwa wenye kadi kubwa za michezo za NVIDIA au AMD, kuna programu nyingine ya bure, Display Driver Uninstaller, wanaiita DDU, inaifuta draiva ya skrini mpaka mizizi, unaitumia ukiwa Safe Mode (Windows ikiwa imewashwa na vitu vya lazima tu) na intaneti umekata ili Windows isiwahi kuweka nyingine. Halafu unaweka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Kwa hizo SDIO sioni haja.

Kuna jambo linalofanya haya yote yawe ya maana zaidi kipindi hiki. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi tulizonazo majumbani ni kizazi cha 3, cha 4, cha 6. Kwa hiyo watu wanafomati sana sasa hivi, wengine wanalazimisha Windows 11, wengine wanarudi kwenye 10, wengine wanahamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kila anayebadilisha Windows kwenye mashine ya zamani anakutana na draiva. Linux ina draiva nyingi ndani ya kiini chake tayari, OptiPlex yetu nilipoijaribu kwa flashi kila kitu kiliamka chenyewe isipokuwa kale kadude ka waifai.

Ushauri ambao natamani ningepewa kabla ya yote, na siku hizi nauanza popote ninapoenda, ni huu: kabla hujafomati kompyuta ambayo kila kitu kinafanya kazi, zihifadhi draiva zake. Haihitaji programu yoyote. Tengeneza folda kwenye flashi, mfano D:\draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi (Run as administrator), andika pnputil /export-driver * D:\draiva, subiri. Itanakili draiva zote ambazo siyo za Windows yenyewe. Baada ya kufomati unaandika pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install, zinarudi zile zile zilizokuwa zinafanya kazi, hakuna kubahatisha toleo, hakuna kulipa elfu kumi na tano ya pili. Kama fundi wako hataki kukufanyia hivyo kabla ya kufomati, fanya mwenyewe nyumbani ndo uipeleke.

SDIO basi kwangu ni ya pale hayo yote yameshindikana au umechelewa, mashine imeshafomatiwa, hakuna nakala, mtengenezaji hana tena draiva za mashine hiyo, na intaneti hakuna. Hapo haina mpinzani. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeiondoa kwa yale mafurushi makubwa na kile kitufe cha kuchagua zote kilichokaa mahali pa kushawishi. Bei ni sifuri, wanapokea michango kwa anayetaka kuwachangia, na mimi siku nikipata kadi ya kulipia mtandaoni ya kwangu mwenyewe nitawachangia kwa moyo mmoja.

Flashi yenyewe naipeleka kwa rafiki mwenye faiba kila baada ya miezi mitatu minne kuvuta mafurushi mapya. Wiki iliyopita ilikuwa kwa mwalimu wa mtaani kwetu, HP ya kizazi cha 4, waifai na skrini, viwili tu, tiki mbili, na tulimaliza kabla umeme haujakatika.